Tako Moja, Harusi Mbili

Walimu wa fasihi simulizi hutufundisha kwamba methali haina mwenyewe. Ni mali ya jamii, wanasema. Imepokewa kwa mdomo, na mtunzi wake hajulikani. Walimu hao hawajakutana na Bi Muzdalifa wa Guangzhou. Misemo yake ina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Bi Muzdalifa ni wakala wa kanga. Wenye maduka wa Darajani na Kariakoo humtumia rangi na mitindo wanayoitaka, naye hutafuta kiwanda, husimamia uchapaji, na huhakikisha doti zimekatwa sawasawa kabla hazijapelekwa bandarini Nansha. Kazi hiyo wanaifanya wengi. Kinachomtofautisha yeye ni jina la kanga, yale maneno ya chini ambayo mwanamke huyavaa ili asiwe na haja ya kuyasema. Mawakala wengine huokota majina kwenye kanga za zamani. Bi Muzdalifa anayo ya kwao.

"Ya Wete," husema kwa fahari ya Mpemba aliyezaliwa Unguja. "Ya bibi yangu mzaa mama. Usiyatafute vitabuni, hayamo."

Hakuna aliyewahi kumbishia, kwa sababu misemo yenyewe ni mikali na yeye huitumia bila huruma. Mfanyabiashara akilalamika kwamba kama meli ingewahi angeuza mzigo wote kabla ya Idi, Bi Muzdalifa humjibu kwamba bibi angekuwa na ndevu tungemwita babu. Dereva mmoja wa teksi aliyemzungusha mji mzima bila sababu aliombewa aote kama kitunguu, kichwa chini na miguu juu. Na muuza vitambaa aliyemletea nailoni akiapa kwamba ni pamba tupu, aliambiwa kupitia simu ya kutafsiri kwamba asimtemee mtu mate usoni kisha akamwambia mvua inanyesha. Simu ikatafsiri kadiri ya uwezo wake. Yule bwana akatazama dirishani kwa wasiwasi, akaenda ndani, akamletea mwavuli. Mwavuli huo Bi Muzdalifa anao hadi leo, na ni mzuri kuliko kitambaa.

Katika ukoo wao kuna desturi moja ambayo haijavunjwa. Kila binti anayeolewa, kanga ya harusi yake hubeba msemo wa Bibi. Mama mdogo wa Bi Muzdalifa, anayeishi Tanga, aliolewa na kanga iliyoandikwa "Mdudu wa kwenye shubiri hajui asali", akapata mume mchungu kama shubiri yenyewe, akampenda hadi siku ya kumzika. Bi Muzdalifa mwenyewe alipewa "Mtu hupanga, Mungu hucheka". Alipanga kuzeeka na mumewe Kikwajuni. Mume akaondoka, na yeye akaja kuuza na kununua Guangzhou, akaishia kukaa ghorofani katika mtaa wa Xiaobei, akiwa na birika la umeme na sampuli za kanga hadi chini ya kitanda. Anasema hana uhakika nani alicheka, lakini kicheko alikisikia.

Sasa zamu ilikuwa ya binti yake wa pekee, Zuwena, aliyeko Unguja. Mchumba ni Burhani, mtoto wa Bi Sihaba, na Bi Sihaba naye yuko hapa hapa Guangzhou, ananunua nguo za kike katika masoko ya jumla ya Shahe. Wanawake hawa wawili ni mashoga wa siku nyingi. Wamekopeshana vyungu, wameuguzana, wamesengenyana kwa kiasi kinachoruhusiwa. Walipokuwa mashoga tu walielewana. Tatizo lilianza walipokuwa wakwe.

Zuwena alipoulizwa anataka msemo gani wa Bibi, hakusita. Alijibu kwa simu: "Tako moja halichezi harusi mbili."

Hapo lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa Xiaobei alilijua na hakuna aliyelitaja. Kabla ya kumposa Zuwena, Burhani alikuwa amekwisha kuposewa msichana mwingine wa Dar es Salaam, na kwa muda fulani posa mbili zilikwenda pamoja, kila moja ikijidhani iko peke yake. Aliyezipanga ni Bi Sihaba. Msichana wa Dar alipopata habari aliirudisha pete kwa mtu wa bodaboda, pamoja na maneno ambayo bodaboda aliyafikisha neno kwa neno. Kwa hiyo kanga ya Zuwena ilikuwa inampiga mtu, na aliyepigwa alijulikana.

Lakini kanga haishtakiwi. Ukilalamika kwamba imekupiga, umekiri. Na kanga ya harusi huvaliwa na pande zote mbili. Upande wa bwana harusi ukikataa kuivaa, watu watakula pilau na kuulizana kwa nini, na bibi harusi ataingia nyumba ya mumewe akiwa na aibu isiyo yake. Bi Sihaba alijua hilo, na Bi Muzdalifa alijua kwamba anajua. Basi Bi Sihaba hakusema kwamba msemo unamuuma. Alitafuta kosa la sarufi.

Ilikuwa katika gari la kukodi, wakienda Shiling, nje ya mji, kununua mikoba ya maharusi. Walipanda wanne. Nyuma ya wakwe hao alikaa Brigitte, mfanyabiashara wa Lubumbashi, amelala. Pembeni yake alikaa Mzee Zelik, ambaye sote tunamfahamu: Myahudi aliyezaliwa Nakuru, muuza mikoba wa Nairobi, anayekuja Guangzhou mara nyingi kuliko anavyokwenda kwa daktari. Anazungumza Kiswahili chepesi na cha haraka, ambacho ngeli zake zote zimekufa isipokuwa moja.

Bi Sihaba alianza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mkwe mwenzangu, nimekaa nikafikiri. Hilo tako moja ni la nani?"

"La msemo."

"Maana mimi Mungu kanipa mawili. Moja naweza kulipeleka harusini Mwembetanga, la pili likaenda Jang'ombe, na jioni yakakutana nyumbani."

Dereva, ambaye hakuelewa chochote, alipunguza sauti ya redio. Brigitte aliamka.

"Mais ni kweli, maman," alisema. "Ya mutu ni mbili. Hata kwetu Lubumbashi tunajuaka vile."

Bi Muzdalifa alijibu kwamba methali haihesabiwi kama shanga. Wazee wa Wete walisema tako moja, basi ni moja. Anayetaka mawili atafute wazee wake. Hapo ndipo Bi Sihaba alipotoa silaha aliyokuwa ameificha tangu walipotoka mjini.

"Wete nimepiga simu," alisema. "Nimeulizia hadi kwa wale waliobakiwa na jino moja. Hakuna anayelijua hilo tako. Msemo wako hauna kwao, shoga yangu, na watu wangu hawatavaa msemo usio na kwao."

Kwa Mzanzibari, kuambiwa kwamba kitu chako hakina kwao si jambo dogo. Mtu anaweza kuwa na mali na elimu, akaulizwa asili yake mlangoni na kurudishwa. Bi Muzdalifa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Sihaba amjue, hakuna msemo uliotoka.

Sauti iliyosikika ilitoka nyuma. Mzee Zelik alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaomba aambiwe upya msemo huo, polepole. Bi Muzdalifa akausema. Mzee akaurudia kwa lugha nyingine, lugha iliyosikika kama Kijerumani kilichotiwa vitunguu, na katikati yake kulikuwa na neno moja alilolitamka kwa raha kubwa: tokhes.

"Hiyo maneno ni ya nyanya yangu," alisema. "Yeye alitoka Poland. Kila harusi alikuwa anasema, hata harusi yangu. Hii ni Kiyidi, lugha ya Wayahudi ya huko. Lakini tokhes ni hiyo yote ya kukalia. Kwetu hiyo kitu ni moja. Nyinyi ndio munagawanya."

Bi Muzdalifa akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu liwe hapana, kama nyanya yake aliwahi kusema chochote kuhusu bibi mwenye ndevu. Mzee Zelik akasema nyanya yake hakutaja ndevu. Alitaja kitu kingine ambacho babu anacho, na mbele ya kina mama hawezi kukisema. Kitunguu je? Kitunguu pia. Mungu kucheka? Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kabisa kinywani mwake.

Bi Sihaba alisubiri gari lipite taa za barabarani. Hakuwa na haraka. Ushindi ulikuwa umeletwa hadi mapajani kwake.

"Kumbe Wete iko Poland," alisema.

Siku ile Bi Muzdalifa alinunua mikoba mibaya. Alikubali bei ya kwanza, jambo lililomshtua muuzaji hadi akaikagua mikoba yake upya kuona ina nini ndani. Njia nzima ya kurudi alitazama nje. Si kwamba alikuwa ameshindwa ubishi. Ubishi huja na kwenda. Maneno aliyokuwa ameyaishi, aliyoachwa nayo, aliyoyatumia kupigania riziki katika nchi ya watu, yalikuwa ya bibi wa mtu mwingine. Na laoban wa kiwanda, yaani tajiri mwenye mashine, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba jina la kanga lisipofika wiki ile, mashine inapewa mteja mwingine. Ama Zuwena aolewe na kanga ya Bibi na upande mmoja uikatae, ama awe binti wa kwanza katika ukoo kuolewa na maneno ya dukani.

Asubuhi iliyofuata alimtumia mama yake mdogo wa Tanga ujumbe wa sauti. Alijaribu kuuliza kwa heshima, lakini swali likatoka kama lilivyo: Bibi alikuwa mtu wa wapi?

Jibu lilikuja vipande vipande, kukiwa na jogoo na cherehani kwa nyuma. Bibi alikuwa mtu wa Wete, alisema mama mdogo, wa Wete kabisa, asiwe na wasiwasi. Ila alipokuwa msichana alivuka kwenda Tanga, akapata kazi ya upishi katika nyumba ya karani mzungu wa shamba la mkonge. Karani alikuwa amekimbia vita kwao Poland akaja na mama yake, kikongwe kimoja kikali. Waliokuwa jikoni walimwita Bi Furuma. Hakujua Kiingereza, hakutaka Kijerumani, na Kiswahili alikipata kwa Bibi, kitunguu kimoja baada ya kingine. Walianza kwa kugombana kuhusu chumvi. Wakapatana siku wageni wa karani walipoleta paja la nguruwe. Bi Furuma alilitazama, Bibi akalitazama, kisha wakatazamana. Katika nyumba nzima ya wazungu ni wao wawili tu ambao hawali kitu kile. Mbwa walikula vizuri sana siku hiyo.

Tangu hapo walifundishana. Bi Furuma alitoa misemo yake, na Bibi akaitia Kiswahili, akampa ya Kipemba kama malipo.

"Hilo la harusi nalikumbuka alivyolihadithia," ilisema sauti ya mama mdogo. "Yule bibi hakujua neno lenyewe kwa Kiswahili, basi akajipiga kofi nyuma ili aelewe. Lakini kofi la mkono mmoja, mwanangu, hupiga upande mmoja. Bibi yako akaona: aa, tako moja."

Na mbona hakusema? Bi Muzdalifa aliuliza. Mbona aliwaacha wote waamini kwamba ni ya Wete?

"Sisi ndio tulisema ya Wete. Yeye alisema ya wazee. Kwani Bi Furuma alikuwa mtoto?"

Bi Muzdalifa alisikiliza ujumbe huo mara nyingi kiasi kwamba jirani wa Kichina alianza kumwiga jogoo. Kisha akaenda sokoni kununua samaki mwenye magamba, kwa kuwa Mzee Zelik hali samaki asiye nayo, akapika samaki wa kupaka, akawaalika yeye na Bi Sihaba chakula cha mchana.

Bi Sihaba alikuja tayari kwa vita. Alikuwa amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na akakaa namna ya kuhakikisha inasomeka. Alitegemea kukuta Mpemba anayejitetea. Badala yake, samaki alipokwisha kuwekwa mezani, Bi Muzdalifa alisema jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kufunga kontena peke yake.

"Si ya Wete, Bi Sihaba. Ulisema kweli."

Akawasimulia yote: mkonge, karani, paja la nguruwe, kofi la upande mmoja. Hakupunguza, ingawa ingekuwa rahisi kupunguza. Bibi pia alikuwa na msemo kwamba nusu ya kweli ni uongo mzima. Alipofika kwenye kofi, Mzee Zelik alisimama, akajipiga mwenyewe kujaribu, akathibitisha kwamba mkono mmoja kweli haufiki kote.

"Kwa hiyo msemo una kwao," alimaliza Bi Muzdalifa. "Kwao ni jikoni, Tanga. Ukitaka kuukataa, ukatae. Lakini usiseme hauna kwao."

Bi Sihaba alikuwa amejiandaa kwa uongo, na kweli ilimkuta mikono mitupu. Alimega samaki, akamsifia, jambo ambalo hakuwa amepanga.

Mzee Zelik alipomaliza kula alitazama saa, akasema anaondoka. Wakamshika, kama ilivyo desturi: akae, anywe chai, haraka ya nini. Yeye akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Nimekuja Guangzhou muda mrefu, imetosha, narudi nyumbani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu alikuwa anasema hivyo kila siku. Hii pia ni ya Poland. Ya zamani sana."

Wakwe wawili wakatazamana. Bi Muzdalifa alifungua mdomo. Alikuwa amevuliwa misemo yake yote ndani ya gari la kukodi, mbele ya Mkongo na dereva, na sasa alikuwa amepewa nafasi ya kumvua mtu mwingine wa kwake. Ingekuwa haki. Chini ya meza mguu wa Bi Sihaba ukaukanyaga wake, kwa nguvu.

"Ni kweli, mzee," alisema Bi Sihaba. "Wazee wa Poland walikuwa na hekima."

Walimsindikiza hadi kwenye lifti. Milango ilipofungwa walishikana wasianguke. Walicheka kama walivyokuwa wakicheka kabla ya kuwa wakwe, na kila mmoja alipotaka kunyamaza mwingine alisema "jembe", wakaanza upya. Waliporudi ndani Bi Sihaba alikaa, akajifuta macho kwa pembe ya "Hasidi hana sababu".

"Lakini hilo jina linampiga mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Linampiga."

"Na mimi."

"Na wewe kidogo."

"Kidogo?"

"Wewe zaidi. Ila nilikuwa najaribu kuwa na adabu, umekula samaki wangu."

Bi Sihaba alikubali hilo kwa kichwa. Kisha akasema kwamba kwa mujibu wa desturi aliyolelewa nayo, kanga hujibiwa kwa kanga. Upande wa Zuwena uvae tako moja, vizuri, hana neno. Walichapishe hivyo hivyo pamoja na kosa lake, kwa kuwa kofi lilipigwa hivyo. Lakini upande wake uvae rangi ile ile, maua yale yale, na jina lingine. Naye ana mtoto wa kumtetea, japo mtoto huyo aliyumba. Bi Muzdalifa akamuuliza atajibu nini. Bi Sihaba alikuwa nalo tayari. Inaonekana alilibeba tangu siku ya gari.

"Matako mawili, kiti kimoja."

Bi Muzdalifa alilitafuna kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani akitafuta kasoro. Lilikuwa limerekebisha hesabu. Lilikuwa limekiri kosa bila kulikiri. Na lilikuwa limemkalisha Burhani mahali pamoja mbele ya Unguja nzima.

"Hilo ni zuri," alisema hatimaye, na si mtu anayesema hivyo kwa misemo ya wengine. "La nani?"

"La wazee."

"Wazee wa wapi?"

Bi Sihaba alijimiminia chai.

"Wa Wete."

Kesho yake walikwenda wote wawili kiwandani, nje ya mji. Laoban alichukua majina mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, akayatazama, na kwa kuwa ni mtu makini asiyependa kuchapa asichokielewa, akaisomea simu yake. Simu ikamjibu kwa Kichina. La kwanza alilipita bila kubadilika uso. La pili aliisomea simu tena. Akawatazama wakwe wawili, akakitazama kiti pekee kilichokuwa mbele ya meza yake, akainuka akiwa mwekundu masikioni. Aliomba radhi sana, akaenda kuleta kiti kingine.